Sifa Hazijazi Mto

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ndivyo walivyosema wazee. Lakini huko Uingereza twaona jambo la namna nyingine. Wanaosifiwa ni watu wa kujitolea, wanaoingia mtoni siku ya mapumziko kwa mabuti marefu ya mpira, kuokota matairi na kurudisha kokoto. Wanaouchafua mto, na wanaoyavuta maji yake, ni wengine kabisa. Na sifa hizo zatoka mara nyingi kinywani mwa hao wengine! Jambo hili twataka kulisema wazi, maana watu wengi wamelisikia nusu tu. Wamesikia kwamba watu wa vijijini wanaiponya mito yao; wakafurahi, wakaenda zao.

Msomaji ataka kujua kwanza: mito gani? Twaeni kipande cha jiwe la chaki, lile jeupe na laini. Litieni tone la maji: tone lanywewa mara moja. Sasa wazieni vilima vizima vya jiwe la namna hiyo, vyeupe ndani, vya kijani juu. Ndivyo vilima vya Hampshire, vya Wiltshire na Dorset, vya Chilterns karibu na London, na hata vya Norfolk na Yorkshire. Jiwe hilo ni mabaki ya viumbe vidogo mno, vilivyolala chini ya bahari ya zamani zaidi ya miaka milioni 66 iliyopita. Mvua ya majira ya baridi ikinyesha juu yake haikimbilii bondeni. Inazama polepole ndani ya jiwe, inachujwa, inakaa humo kama nafaka ghalani. Kisha maji yatokea katika chemchemi chini ya kilima, yenye kung'aa kama kioo, na joto lake ni karibu lilelile mwaka mzima, digri 10 ao 11, kuwe na theluji ao kuwe na jua kali.

Mto uliozaliwa hivyo una tabia zake. Si mwepesi wa kufurika, si mwepesi wa kuwa na tope. Chini ni kokoto safi. Juu ya kokoto huota majani marefu ya majini yenye maua meupe, na katikati ya majani wanaishi uduvi, wadudu wa namna nyingi, na samaki waitwao trauti na samoni. Mito ya namna hiyo ni zaidi ya 200 katika dunia nzima, na inakadiriwa kwamba 85 katika kila mia iko Uingereza. Mingine michache iko Ufaransa ya kaskazini na Denmark. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba mto wa chaki ukifa hapa, tutakwenda kuutazama pengine. Hakuna pengine.

Na hali yake je? Mwaka 2014 shirika la WWF lilitoa hesabu: mito ya chaki 77 katika kila mia haikufikia hali njema inayotakiwa na sheria. Inchi yenye urithi kama huo, na yenye fedha kama ile, yaona haya kusema hesabu hiyo kwa sauti. Basi yasema habari nyingine. Yasema habari za wenye mabuti.

Ghala ile ya maji chini ya ardhi ndiyo uzima wa mito hii, na ndiyo hatari yake vilevile. Maji yaliyochujwa na jiwe yataka kazi kidogo tu kabla ya kunywewa. Kwa mwenye kuuza maji ni kama kuokota. Anachimba kisima kirefu, anaweka mashini, anavuta usiku na mchana. Mpita njia haoni kitu: nyumba ndogo ya matofali, uzio, mlango wenye kufuli. Hakuna moshi, hakuna kelele. Lakini maji yanayovutwa pale yalikuwa njiani kwenda kwenye chemchemi. Kisima chanywa kwanza, mto wanywa mabaki. Na mwaka wa mvua chache hakuna mabaki.

Hapo wenye mashini wana jibu lao la siku zote: «Mito hii hukauka yenyewe.» Jibu hili lina ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo ni baya kuliko uongo mtupu. Ni kweli kwamba sehemu za juu za mito ya chaki hukauka kwa kawaida wakati wa kiangazi na kurudi wakati wa baridi. Waingereza wana jina maalumu kwa vijito hivyo, na kuna mimea na wadudu waliozoea zamu hiyo. Lakini mto uliokuwa ukisukuma vinu vya kusagia ngano, na leo ni njia ya nyasi yenye daraja juu yake, huo haukukauka wenyewe. Daraja halijengwi juu ya nyasi.

Tuangalie mto Kennet, unaopita Marlborough na Hungerford. Mahali paitwapo Axford mashini zilivuta maji ya bonde hilo na kuyapeleka mji wa Swindon. Swindon iko upande mwingine wa mgongo wa vilima. Maji yaliyotumiwa huko, baada ya kusafishwa, hayarudi Kennet kamwe; yateremka njia nyingine. Watu wa bonde wakaanzisha chama chao, Action for the River Kennet, karibu mwaka 1990. Walihesabu, wakaandika barua, wakaenda mikutanoni, wakachosha watu. Mwaka 2017 ndipo bomba jipya lilipomalizika, la kuleta maji kutoka upande wa mto Thames, ili mashini za Axford zipunguziwe kazi. Yapata miaka 27! Mtoto aliyezaliwa wakati wa barua ya kwanza alikuwa amekwisha kuoa. Na siku ya kufungua bomba, bila shaka, kila mtu alikuwa rafiki ya mto tangu zamani.

Twautaja Kennet kwa sababu nyingine pia, na hapa tutakawia kidogo, kwa kuwa ndipo inapoonekana kazi ya kweli ya watu hawa wa kujitolea. Watu wengi wadhani kazi yao ni kuokota takataka. Kumbe iko kazi iliyo kubwa zaidi, nayo ni kuhesabu. Tangu mwaka 2007 kuna mpango wa kuangalia wadudu wa mtoni, uliotungwa hasa kwa wavuvi wa ndoana. Mtu hufundishwa siku moja. Kila mwezi husimama mahali pake palepale, huuweka wavu mbele ya miguu yake kufuata mkondo wa maji, huchokoa kokoto kwa buti muda wa dakika 3, kisha hutafuta kwa mkono chini ya mawe dakika 1. Vilivyoingia wavuni humiminwa katika sahani nyeupe. Humo yeye huhesabu jamaa 8 za wadudu na uduvi, na kuandika. Wadudu hawa hawawezi kukimbia uchafu kama samaki. Wapo, ao hawapo. Hesabu ikishuka chini ya kiasi kilichowekwa, mtu huyo huwaarifu maofisa wa serikali wanaolinda mito.

Basi, tarehe 1 Julai 2013 wahesabu wa Kennet walichota wavu wao karibu na Marlborough. Sahani ikawa karibu tupu. Wadudu walikuwa wamekufa, uduvi walikuwa wamekufa, na maji yalikuwa safi kwa macho kama siku zote. Maofisa walipopima waliona dawa ya kuua wadudu iitwayo klorpirifosi, iliyopita katika kiwanda cha kusafisha maji machafu na kuingia mtoni. Kilometri karibu 15 za mto ziliharibika. Ilikadiriwa kwamba dawa yenyewe, kama ingekusanywa pamoja, isingezidi vijiko viwili vya chai. Vijiko viwili, labda katika sinki la mtu mmoja! Aliyeimwaga hakupatikana. Lakini bila wale wenye wavu hata msiba wenyewe usingejulikana mapema, na chanzo chake kisingetafutwa. Mwaka 2016 serikali ilikataza karibu matumizi yote ya dawa hiyo.

Wataalamu wa serikali walikuwa wapi siku ile? Hatuwalaumu, ni wachache, na mito ni mirefu. Lakini hilo ndilo neno letu: mtu wa kujitolea ni shahidi kwanza. Kokoto zake ni kazi njema, lakini daftari lake ni kazi iliyo njema zaidi. Na angalieni jinsi sifa zinavyogawanywa. Akitia kokoto, apigwa picha pamoja na mkubwa wa kampuni. Akileta daftari, aambiwa kwamba jambo linachunguzwa.

Hatudharau kokoto. Zamani watu walinyosha mito hii, wakaipanua, wakaichimba, wakaiziba kwa ajili ya vinu. Mto mpana usio na nguvu hulala, na matope hufunika chini. Trauti jike huchimba shimo katika kokoto na kutaga humo, na mayai yake yataka maji yenye kupita. Yakifunikwa na tope hufa. Kwa hiyo kuupunguza upana wa mto, kulaza gogo ili maji yazunguke, kurudisha kokoto zilizotolewa, yote haya ni dawa ya kweli, na mikono ya watu wa mahali imeyafanya vizuri. Lakini kokoto bila maji ni barabara. Kampuni inayotoa fedha kidogo kwa kununua kokoto, na huku inavuta maji yaliyopaswa kupita juu yake, inawafanyia watu mzaha.

Wako wanaosema kwamba haya yote ni mambo ya matajiri wanaovua samaki. Twakubali kwamba mto Test katika Hampshire ni mahali ambapo mtu hulipa fedha nyingi kwa kuvua siku moja tu, na kwamba baadhi ya wenye mali huko waupenda mto kama wapendavyo bustani: nyasi zikatwe, samaki wa kufugwa watiwe, na wageni wakae mbali. Hao si mfano wetu. Lakini wanaosema hivyo waende kusini ya London, watazame Wandle.

Wandle ni mto mfupi wa chaki, unaotoka katika chemchemi za Croydon na Carshalton na kupita kati ya viwanda na nyumba zilizobanana mpaka Thames. Vinu vyake vilikuwa vingi ajabu, na uchafu wa viwanda ukaujaza, hata katika miaka ya 1960 ukahesabiwa kuwa mfereji wa maji machafu tu. Karibu mwaka 2000 watu wa mtaani walianza kuusafisha kila mwezi. Walitoa magodoro, baisikeli, vigari vya dukani, vyuma vya kila namna. Watoto wa shule walilea mayai ya trauti darasani, katika vyombo vya maji baridi, kisha wakaenda wenyewe kuvifungulia vifaranga mtoni. Je, watoto hao ni matajiri? Mwezi wa Septemba 2007, kampuni yenyewe iliyokabidhiwa kusafisha maji machafu ya bonde hilo ilisafisha vyombo vyake kwa dawa kali ya klorini, na dawa ikaingia mtoni. Samaki walikufa kwa maelfu. Kampuni ilipelekwa mahakamani, ikatozwa faini, na faini hiyo ikapunguzwa baada ya rufani. Ilitoa pia fedha za kutengeneza mto, na kweli zimefaa. Lakini ni akina nani waliorudi majini mwezi uliofuata? Wale wale.

Uchafu basi. Hatutaandika yote, maana magazeti ya huko yamejaa habari hiyo. Mwaka 2024 peke yake maji machafu yasiyosafishwa yalifunguliwa katika mito na bahari ya Uingereza muda wa saa zaidi ya milioni 3 na nusu, ukijumlisha matundu yote. Kampuni husema ni kwa sababu ya mvua kubwa. Katika mabonde ya chaki hata udhuru huo haukai. Huko maji ya chini ya ardhi yakipanda huingia katika mabomba ya maji machafu kupitia nyufa. Mabomba yajaa, na uchafu wafunguliwa mtoni, si kwa saa moja ya dhoruba, bali kwa majuma na majuma, hata jua likiwaka. Dawa ya nyufa ni kuziba nyufa. Mvua haikuleta nyufa.

Na wakulima wasifikiri tumewasahau. Mbolea ya chumvichumvi iliyomwagwa mashambani juu ya vilima huteremka ndani ya jiwe polepole, karibu metri 1 tu kwa mwaka. Iliyomwagwa na baba, mwana aiona leo katika chemchemi.

Sasa tulijibu swali kubwa, maana ni swali la haki: mto ao mtu? Watu wa Kusini-Mashariki ya Uingereza ni wengi, wazidi kuongezeka, na kila mtu atumia litri karibu 140 kwa siku. Je, wafe kiu ili trauti waishi? Hasha. Wala hakuna aliyedai hivyo. Tangu mwaka 2020 vyama vya kulinda mito vimetoa shauri lililo rahisi kueleza: mto unywe kwanza. Visima vya juu vifungwe ao vipunguzwe sana. Maji yatoke katika chemchemi zake, yapite bonde lote, yalishe majani na uduvi, halafu yavutwe chini, pale ambapo mto mdogo umekwisha kuingia katika mto mkubwa, kama Lea, Colne ao Thames. Kisha yapandishwe kwa mabomba mpaka majumbani. Maji ni karibu yale yale, isipokuwa yametumika mara mbili. Gharama ni mabomba na mashini za kuyapandisha, pamoja na mabwawa ya kuwekea akiba.

Hapo ndipo tunapofika kwenye fedha, na uso wa mtu hubadilika. Kampuni za maji ziliuzwa na serikali mwaka 1989. Bwawa la Carsington lilifunguliwa mwaka 1992, na tangu hapo Uingereza haijamaliza bwawa jingine jipya kubwa la maji ya kunywa. Miaka zaidi ya 30! Katika miaka hiyo yote wenye hisa walipokea faida yao kwa mabilioni, na karibu sehemu moja ya tano ya maji yaliyosafishwa yalivuja njiani kabla ya kufika kwenye bomba la mtu. Mwaka 2025 magazeti yaliandika kwamba kampuni ya maji ya kusini imeanza mazungumzo juu ya kuleta maji kwa meli kutoka Norway. Tulicheka, kisha tukaacha kucheka. Maji ya kilima cha jirani yavuja barabarani, na watu wapanga kuvuka bahari na madumu!

Twawaambia neno na wenye mabuti pia, kwa upendo. Baadhi yenu mmezoea kushukuru mno. Mkipewa lori la kokoto mwaandika barua ya shukrani ndefu kuliko barua ya madai. Mwaogopa kwamba mkisema kwa nguvu, lori la pili halitakuja. Na nyumbani kwenu, je? Bomba mnaloogea na kumwagilia bustani wakati wa kiangazi lina mzizi wake katika kilima kile kile. Anayeacha maji yakimwagika, halafu aenda kumlilia mto siku ya pili, anajilipisha mwenyewe deni kwa mkono mmoja na kukopa kwa mkono mwingine.

Kwamba mto warudi, hilo si ndoto. Mto Ver wapita karibu na St Albans, mji wa zamani sana. Watu wa bonde lile walikuwa na chama chao tangu miaka ya 1970, nao waliona sehemu ya juu ya mto ikikauka mwaka baada ya mwaka. Hawakuanza na kokoto. Walianza na swali: mashini ipi inavuta nini? Mwaka 1993 kituo cha Friars Wash kikafungwa, na maji yakarudi mahali palipokuwa pakavu. Bado Ver hudhoofika katika miaka ya ukame, kwa sababu visima vingine vingali vikivuta. Lakini hakuna aliyeupandikizia mto ule maji. Aliacha tu kuyachukua.

Ruhusa za kuvuta maji ziliandikwa zamani, nyingine bila tarehe ya mwisho, na kwa miaka mingi serikali ilisema kwamba kuzifuta kungeigharimu fidia kubwa. Sheria ya mazingira ya mwaka 2021 imeliondoa neno hilo. Kuanzia tarehe 1 Januari 2028, ruhusa inayodhuru mto yaweza kubadilishwa ao kufutwa bila fidia. Yaweza, sheria haikusema kwamba lazima. Ofisa mmoja atakaa mezani na faili mbele yake. Katika faili kutakuwa na barua za kampuni, zilizopigwa chapa vizuri. Twataka kujua kama kutakuwa pia na madaftari ya wale wanaohesabu uduvi, mwezi kwa mwezi, na kama wenye kuyaandika watakuwa wamesimama nje ya mlango siku hiyo, na mabuti yao.